Paa lililogoma kupinda: uchambuzi wa kisa cha trela ya kulalia iliyojengwa nyumbani

Kisa hiki kinahusu paa moja tu, na ndani ya paa hilo, hasa kile kipande cha mbele kisichofika hata mita moja. Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika nimeviondoa. Nitamwita mjenzi. Aliyemsaidia alikuwa shemeji yake, naye nitamwita hivyo hivyo. Mimi niliitwa kazi ilipokwama, na utaona mbele kwamba nilipofika nami niliongeza kosa langu.

## Usuli

Mjenzi si seremala wa kazi. Ametengeneza meza, vitanda na kabati la vyombo, na vyote vina pembe za mraba na vimesimama wima bila kuyumba. Nasema mapema kwamba hakuwa mzembe. Makosa yake mengi yalitokana na tabia njema za useremala alizozipeleka mahali pasipozihitaji.

Alikuwa anajenga trela ndogo ya watu wawili yenye umbo la tone la maji: pua ya mviringo mbele, mgongo unaoteremka taratibu, na nyuma mlango wa kuinua wenye jiko chini yake. Umbo hili lilianza kupendwa Marekani miaka ya 1930, na linaendelea kupendwa na wajenzi wa nyumbani kwa sababu ni dogo na huvutwa na gari la kawaida.

Siku kisa kinapoanza, chasi ya ekseli moja ilikuwa tayari, sakafu imefungwa, na kuta mbili za pembeni zimesimama. Kuta zilikuwa za plaiwudi ya milimita 18, urefu mita 2.7. Upana wa nje wa trela ulikuwa mita 1.22, yaani upana kamili wa shiti moja ya plaiwudi, na aliuchagua makusudi ili asipoteze mbao. Kutoka chini ya pua hadi kwenye bawaba ya mlango wa nyuma, njia ya paa ilikuwa na urefu wa mita 3.3.

Mpango wake wa matabaka, kutoka ndani kwenda nje: dari ya plaiwudi ya milimita 3, papi (mbao nyembamba za kubeba paa) za milimita 40 kwa 40 zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, povu gumu la kuzuia joto katikati ya papi, plaiwudi ya milimita 6, na juu ya yote bati la alumini la milimita 1, kipande kimoja kutoka kwenye roli. Mpango wa heshima kabisa. Vifaa vyote vilikuwa vimeshanunuliwa na kukatwa kabla ya kipande chochote kujaribiwa kupindwa.

## Mchoro wa ukuta

Tao la ukuta alilichora kwa kamba na penseli, kama tulivyofundishwa wengi. Pua aliipigia tao la nusukipenyo cha milimita 350. Juu ya pua akavuta mstari ulionyooka wa mita 1.1, kisha tao kubwa la nusukipenyo cha karibu mita 2 likishuka kuelekea nyuma. Kwa macho lilikuwa umbo zuri, na kama ningeonyeshwa karatasi peke yake ningelipitisha.

Ila penseli inaweza kuhama kutoka mstari ulionyooka hadi tao kali ndani ya nukta moja, na ubao hauwezi. Ubao ukibanwa huanza kupinda kabla haujafika kwenye tao, hunyanyuka pale unapotakiwa kulala, halafu ukifika kwenye pua yenyewe hukataa kukaza mpindo kiasi kinachotakiwa. Hilo hakuliona mtu mpaka siku ya tatu.

## Siku tatu za kwanza

Siku ya kwanza ilikuwa ya papi. Alizipanga kila milimita 400, umbali uleule kuanzia pua hadi nyuma. Robo duara la nusukipenyo cha milimita 350 lina urefu wa kama milimita 550 tu, kwa hiyo pua nzima ikapata papi moja katikati na nyingine moja moja pembeni mwake. Kila papi aliishika kwa skrubu moja ndefu iliyopita ukutani na kuingia kwenye kichwa cha papi, na kila papi aliihakiki kwa pima maji ikae wima barabara.

Hapo ndipo tabia njema ilipomponza. Papi ya paa la kupinda haitakiwi kusimama wima. Inatakiwa kuegemea pamoja na tao, uso wake wa juu uangalie nje kama tao linavyoangalia. Ile papi ya katikati ya pua, iliyowekwa wima mahali ambapo tao limeinama digrii 45, ilielekeza nje ncha ya pembe yake badala ya uso. Plaiwudi ingelala juu ya wembe.

Siku ya pili walipandisha dari ya ndani. Shiti ya mita 1.22 kwa 2.44 iliingia kimarefu kana kwamba imepimiwa trela hiyo: ukipunguza pembeni unene wa kuta, shiti moja inafunika upana wote bila kiungo kwa zaidi ya mita mbili. Kishawishi hicho kimewakamata wengi. Kwenye shiti nyingi za kawaida nyuzi za uso hukimbia kufuata upande mrefu. Ukiilaza kimarefu, unataka nyuzi zenyewe zipinde kuzunguka pua, na huo ndio upande ambao plaiwudi ni ngumu zaidi. Kwa plaiwudi nyembamba ya matabaka matatu tofauti hiyo huisikia mkononi: shika kipande cha mraba, kipinde upande huu, kizungushe robo, kipinde tena. Upande mmoja kitakubali kama kadi, upande mwingine kitakupigia kelele.

Dari ilipasuka kwenye pua. Shemeji alisema ilitoa mlio wa kuni kavu.

Shiti ya pili waliilowesha kwa taulo na maji ya moto, wakaifunga kwa mikanda ya kukazia mizigo na kuiacha ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imepinda. Walipaka gundi papo hapo, shiti ikiwa bado ina unyevu, na gundi haikushika sawasawa, maana mbao iliyokwisha kunywa maji hainywi gundi. Ilipokauka, sehemu ya mpindo ikarudi nyuma na kuachana na papi mbili. Wakaongeza skrubu.

Siku ya tatu ilikuwa ya plaiwudi ya nje, ile ya milimita 6. Waliifunga vizuri mgongoni, wakaanza kuishusha kwenye pua huku mmoja akining'inia kwenye mkanda. Skrubu kila milimita 50. Vichwa vya skrubu vikazama na kupenya plaiwudi. Kisha papi ya katikati ya pua ikang'oka ukutani upande mmoja, kwa sababu skrubu iliyoshika kichwa cha mbao, sambamba na nyuzi, haina pa kushikilia inapovutwa.

"Shemeji, tukiendelea tutavunja na kuta," shemeji akamwambia mjenzi, akakata mkanda. Ushauri huo, kwa maoni yangu, ndio uliookoa trela.

## Nilichokikuta

Nilikuta plaiwudi ya nje imesimama juu ya pua kama ukingo wa kofia, imenyanyuka karibu sentimita 6 kutoka kwenye ukuta. Mjenzi alikuwa na wazo: apitishe msumeno mgongoni mwa ile plaiwudi, mistari ya kina cha nusu ya unene, ili ipinde kama mlango wa kukunja. Nilimwomba asubiri chai kwanza.

Si kwamba njia hiyo haifanyi kazi. Kwenye samani hufanya kazi vizuri. Lakini kila mstari wa msumeno hugeuka kiungo, na katikati ya mistari ubao hubaki bapa. Kwa nje unapata pua ya vipande vipande badala ya tao. Alumini ya milimita 1 haifichi kitu. Jua la jioni likilipiga bati kwa pembeni, kila mkunjo wa milimita moja huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tena mistari hiyo ingekuwa mifereji ya maji siku bati litakapovuja.

Tulikaa chini na hesabu mbili, ambazo nadhani kila anayepinda ubao anapaswa kuzijua kwa moyo.

Ya kwanza ni ya ugumu. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hukua kwa unene uliopigwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Plaiwudi ya milimita 6 si ngumu mara mbili ya ile ya milimita 3. Ni ngumu mara nane. Mikono miwili na mkanda vinavyotosha kwa milimita 3 havina habari na milimita 6.

Ya pili ni ya kuvutika kwa uso wa nje. Gawanya unene kwa nusukipenyo kilichozidishwa kwa mbili. Milimita 6 kwenye tao la 350: uso wa nje unalazimishwa kuvutika kwa asilimia 0.86. Milimita 3 kwenye tao la 520: asilimia 0.29. Mzigo juu ya nyuzi umeshuka karibu mara tatu bila kuongeza kifaa chochote.

Ile 520 ilitoka wapi, naieleza sasa.

## Kuchora upya kwa ubao badala ya kamba

Tulikata ukanda wa plaiwudi ileile ya milimita 3, upana milimita 50, nyuzi zake zikiuvuka upana wa ukanda, maana ndivyo zitakavyokaa kwenye paa. Ukanda wa nyuzi hizo ni dhaifu, unavunjika ukiuchezea, kwa hiyo tulikata mitatu. Tukapigilia misumari michache kwenye ukuta, pale tu tulipokuwa hatuna hiari: chini ya pua, kilele cha paa, na mahali pa bawaba. Ukanda tukauegemeza kwenye misumari, tukauacha ujichagulie njia.

Haukukaribia hata kidogo tao la 350. Mahali ulipokaza zaidi, nusukipenyo kilikuwa kama milimita 520, na uliingia kwenye mpindo huo polepole na kutoka polepole. Juu, pale kwenye mstari ulionyooka wa mita 1.1, ulitaka kupanda katikati. Tukaukubalia upande juu kwa milimita 25 kwa umbali huo, ambao ni tao la nusukipenyo cha kama mita 6, halionekani kwa macho lakini maji yanalifahamu. Paa bapa kabisa hubonyea kidogo kati ya papi na papi, na kila kibonyeo huwa bakuli.

Kuta zilikwisha kukatwa, hivyo swali lilikuwa kuongeza au kupunguza. Pua pana zaidi ni kupunguza tu pembe. Kwa kilele, badala ya kuongeza milimita 25 katikati, tulishusha miisho miwili ya ule mstari kwa milimita 25. Hakuna kipande kilichogundishwa. Mjenzi alilalamika kidogo kuhusu nafasi ya kichwa, akalala sakafuni kujaribu, akanyamaza.

Kuta mbili zilifungwa pamoja kwa klampu, zikakatwa na kupigwa randa kama kitu kimoja. Ukikosea, kosea pande zote mbili sawa. Paa lililopotoka haliponi.

## Papi mpya

Kwenye pua papi zilipangwa kila milimita 120. Umbali huo si wa kubahatisha: ukivuta mstari ulionyooka kati ya papi mbili, kimo cha tao juu ya mstari huo ni umbali ukijizidisha wenyewe, ukigawanywa kwa nusukipenyo mara nane. Kwa milimita 400 kwenye tao la 520 unapata milimita 38 ambazo ubao unaweza kuzibonyeza ndani. Kwa 120 unapata 3.5, na ubao wenye springi yake wenyewe huzijaza bila kuombwa. Mgongoni, tao lilipokuwa la mita kadhaa, milimita 300 zilitosha.

Kila papi iliegemezwa kwa skwea iliyowekwa juu ya mkato wa ukuta, si kwa pima maji. Kati ya papi na papi, ndani ya ukuta, tuligundisha vipande vya mbao vya kujaza, ili kila papi ikae ndani ya mfuko wake na skrubu ibaki kazi ya kushikilia mpaka gundi ikauke. Tangu hapo kichwa cha papi hakikutegemewa tena.

Kisha randa. Tuliegemeza ukanda mrefu juu ya papi, tukausogeza kulia na kushoto, na kila ulipogonga papi iliyosimama juu kuliko wenzake tuliipunguza. Kazi hii ilichukua jioni nzima, nami ningeipa mbili kama zingekuwepo.

## Kuvika

Dari ya ndani iliondolewa yote mbele, ikabaki kipande cha nyuma ambacho hakikuwa na kosa. Kisha shiti mpya ya milimita 3 ilikatwa katikati. Shiti ya mita 1.22 kwa 2.44 ikikatwa katikati inatoa miraba miwili iliyo kamili, na mraba ukiuzungusha robo, nyuzi zinageuka zikavuka trela kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna mbao iliyopotea. Kiungo kinaangukia juu ya papi, na ndani kinafichwa na ukanda mwembamba wa urembo. Dari ilipanda kwenye pua kwa mikono miwili, bila maji, bila mkanda. Mjenzi aliitazama kwa muda mrefu kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

Povu gumu lilipigwa mikato ya nusu unene upande wa ndani, kila milimita 30 kwenye pua. Kwa povu njia ya mikato haina ubaya wowote, kwa kuwa halionekani na halibebi kitu. Nyaya za taa zilipitishwa ndani ya mabomba madogo ya plastiki, na kabla ya kufunga kila sehemu ilipigwa picha futi kamba ikiwa imelala juu yake.

Nje, ile plaiwudi ya milimita 6 iliwekwa kando ikasubiri kuwa rafu za jikoni. Badala yake matabaka mawili ya milimita 3, miraba ileile, viungo vya tabaka la pili vikiangukia katikati ya miraba ya la kwanza. Gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji ilipakwa kwa kisambazio chenye meno juu ya tabaka la kwanza lote, si kwenye mistari ya papi pekee. Hapo ndipo nguvu ilipo. Kila tabaka linapinda kwa wepesi wa milimita 3, lakini gundi ikikauka haziwezi tena kuteleza moja juu ya nyingine, na kwa pamoja zinashika tao kwa ugumu wa milimita 6. Mpindo unaorudi nyuma ukifungua mikanda ni mdogo kuliko wa ubao mmoja wa milimita 6.

Kila mraba ulianzia kilele. Unaufunga juu, unauacha uning'inie mbele, kisha unashuka papi baada ya papi. Sehemu ambayo bado haijafungwa ndiyo mkono wako wa kuvutia. Wale walioanzia chini ya pua wakapanda juu huishia na kipande kifupi kigumu kisicho na pa kushika.

## Alumini na lile tundu la feni

Bati lilitaka uamuzi mmoja mkubwa: kugundisha au kuacha huru. Alumini hurefuka sehemu 23 kati ya milioni moja ya urefu wake kwa kila digrii moja ya joto. Kwa bati la mita 3.3 na tofauti ya digrii 40 kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali, hiyo ni milimita 3. Mbao chini yake haifuati. Bati lililogundishwa lote kwa gundi ngumu hutafuta pa kwenda, na likikosa huvimba malengelenge.

Tuliacha huru. Lakini kitu huru nacho kinahitaji nanga, na nanga ilikuwepo tayari: tundu la feni ya paani, la milimita 355 kwa 355, karibu na kilele. Ukingo wa feni unalibana bati hapo, kwa hiyo mwendo unagawanyika nusu kwenda mbele na nusu kwenda nyuma, milimita moja na nusu hivi kila upande. Matundu ya skrubu kwenye bati yalianza na milimita 5 karibu na feni yakaongezeka hadi 8 kwenye miisho, kwa skrubu za milimita 4 zisizoshika kutu. Chini ya kila ukingo ulipita utepe wa butili, aina ya mpira laini unaonata, ambao haukauki na unanyumbulika pamoja na bati. Silikoni nilipiga marufuku. Ikishapakwa huacha utando ambao gundi, rangi wala hata silikoni nyingine haitaki kushika, na siku ya kurekebisha utajuta.

Pembe za alumini za kufunika ukingo wa paa zilikunjwa polepole juu ya fomu iliyokatwa kutoka kwenye mabaki ya ukuta. Fomu ya kwanza ilikuwa ya nusukipenyo cha 480 na pembe ikarudi nyuma kupita 520. Ya pili, ya 440, ikaleta jibu.

Feni yenyewe ilikuwa na ukingo bapa wa kama milimita 450. Kwenye tao la mita 6, ukingo wa upana huo unakaa juu ya kilele na kuacha uwazi wa milimita 4 mbele na nyuma. Mjenzi aliuliza kama atengeneze fremu ya mbao, chini imechongwa kufuata tao na juu bapa. Nilimjibu kwamba milimita 4 ni kidogo, aongeze utepe wa pili wa butili akaze skrubu. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kuona bati likiisha.

## Matokeo

Paa limepita miezi 14 na mvua nyingi. Pua haijarudi nyuma, bati halijavimba, na hakuna tone lililopita pembeni.

Feni ilivuja safari ya tatu. Skrubu tulizozikaza ili kulazimisha ukingo ushuke zilikuwa zimeupinda mpaka ukapata ufa kwenye pembe moja, na doa likatokea kwenye dari mpya. Feni ilitolewa, fremu ikatengenezwa kama mwenyewe alivyotaka tangu mwanzo, ukingo ukabadilishwa. Haijavuja tena.

Usiku wa baridi, matone huonekana darini kwenye mistari ya papi. Watu wawili waliolala kwenye chumba kidogo hivyo hutoa maji mengi kwa pumzi, na mbao hupitisha joto karibu mara nne kuliko povu, hivyo mvuke huchagua papi. Kuacha feni wazi kidogo kumepunguza sana.

Bati hugonga mara moja, "tang", jua linapolipata asubuhi. Pia kuna sehemu iliyolala bapa kidogo kwenye kiungo cha mraba wa pili na wa tatu, ambapo randa ilipita mara moja zaidi. Hakuna mgeni aliyewahi kuiona bila mjenzi kumwonyesha, na humwonyesha kila mgeni.

## Uchambuzi

Nikitazama nyuma, sababu ya kukwama si shiti iliyogeuzwa vibaya. Hiyo ingerekebishwa kwa dakika kumi. Tao lilichorwa na chombo ambacho hakina ugumu, likakatwa kwenye mbao ya kuta, na kuanzia hapo kila hatua ililazimika kulitii. Papi zilitii, dari ikatii kwa kupasuka, plaiwudi ya nje ikakataa. Kama ukanda ungetangulia kamba, hata nafasi ya milimita 400 ingelalamika mapema, kwa sababu ukanda ungeonekana ukibonyea.

Maji ya moto nayaacha na alama ya kuuliza. Kulowesha hupinda kweli, na kuna mafundi wa mashua wasiofanya kazi bila mvuke. Lakini kwao mbao huachwa ikauke ikiwa imefungwa kwenye fomu ndipo ipakwe gundi. Hapa walikuwa na usiku mmoja, na haraka ya kupaka ikaharibu kilichopatikana.

Matabaka mawili yaliongeza kazi ya siku nzima na kilo kadhaa za gundi. Kuna njia nyepesi: tabaka moja la milimita 3, kisha turubai lililozamishwa kwenye gundi na kupakwa rangi. Kwa mtu asiyetaka bati ningeipendekeza. Mjenzi alitaka alumini, na alumini inahitaji kitu kigumu na laini chini yake. Bati la eneo hilo lina uzito wa kilo 11 tu, ila huonyesha kila kibonyeo cha kinacholibeba.

Kuhusu feni, kosa halikuwa la hesabu. Milimita 4 niliijua, niliitamka kwa mdomo wangu, kisha nikaikabidhi kwa butili. Butili huziba mwanya mwembamba uliobanwa sawasawa pande zote. Haibebi ukingo unaotaka kurudi kuwa bapa. Mjenzi alikuwa sahihi na alinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa fundi.

Mlango wa nyuma bado. Ni paa dogo lisilo na kuta za kulishika tao lake, kwa hiyo likirudi nyuma kwa milimita chache halitalingana na ukuta na maji yatapata njia. Ametundika ule ukanda wa tatu, ambao haukuvunjika, juu ya meza ya kazi. Mara ya mwisho kuzungumza naye alikuwa amekata mbavu za mlango kwa nusukipenyo pungufu kidogo kuliko kile cha ukuta, na anasubiri gundi ikauke ajue kama alipunguza vya kutosha.